MCHORAJI WA KILIMANJARO NA SOMO LAKE KWA WATU WA DELTA

Hotuba iliyotolewa na mwenezi wa Chama mbele ya wanachama na wapenzi wa Chama, Kibiti



Nimeamriwa nizungumze juu ya utamaduni. Neno hili tumelizoea. Likitajwa tu, watu hutazama upande wa wapiga ngoma, nao wapiga ngoma huanza kuota ngoma zao motoni. Ngoma ni jambo jema, wala sina ugomvi nayo. Lakini leo naomba mnivumilie nizungumze juu ya kazi isiyotoa sauti, nayo ni kazi ya kuichora nchi: milima yake, mito yake, mashamba yake, na watu wanaofanya kazi ndani yake. Na kwa kuwa jambo lisilo na mfano ni gumu kushikika, nitaleta mfano wa mtu mmoja, Marehemu Sam Joseph Ntiro wa Machame, mchoraji wa Kilimanjaro, ambaye pia alikuwa Balozi wa Tanganyika mjini London tangu tulipopata Uhuru mwaka 1961 hadi mwaka 1964.

Najua yuko mzee hapa ambaye ameanza kujiuliza moyoni: huyu kijana habari za Uchagani anatuletea za nini? Sisi ni Wandengereko, ni Warufiji, ni Wamatumbi. Nchi yetu ni ya maji na tope, wala mlima wenye theluji hatuna. Mzee wangu, swali lako ni la haki, na hotuba yangu yote ni jibu la swali hilo.

MAISHA YAKE

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, upande wa kusini wa Kilimanjaro. Nchi ile ni ya migomba na kahawa. Kila ukoo una kihamba chake, na maji huteremshwa kutoka msituni kwa mifereji iitwayo mifongo, ambayo wenyeji waliichimba kwa mikono yao kabla Mjerumani hajakanyaga nchi hii. Mfongo hauchimbwi na mtu mmoja wala hausafishwi na mtu mmoja. Siku ya kazi ikitangazwa, kila mwenye haki ya maji hana budi kutokea na jembe lake. Huko ndiko alikolelewa mchoraji wetu, na mkiona picha zake mtafahamu kwamba somo hilo la kwanza hakulisahau.

Miaka ya 1940 alikwenda kusoma Chuo cha Makerere, Kampala. Hapo alimkuta Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa chuoni hapo mwishoni mwa miaka ya 1930. Bibi huyo alikuwa na njia yake ya kufundisha. Badala ya kuwaweka wanafunzi mbele ya sanamu za Ulaya wazinakili, aliwasimulia kisa au habari ya kijijini, kisha kila mmoja akachora jinsi alivyoiona habari ile moyoni mwake. Tusimfanye malaika, alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni, na chuo chenyewe kilikuwa chuo cha ukoloni. Lakini njia ile ilimfaa kijana wa Machame, maana moyo wake ulikuwa umejaa vitu vya kuchora. Alipomaliza masomo alibaki palepale kuwa mwalimu.

Mwaka 1952 alikwenda London kusoma katika Chuo cha Sanaa cha Slade, akakaa huko hadi mwaka 1955. Ndugu zangu, hapa ndipo pa kumtazama mtu. Wangapi wetu tumewaona waliokwenda Ulaya mwaka mmoja, wakarudi hawajui tena kula ugali kwa mkono? Ntiro alikaa London miaka mitatu katika chuo ambacho Waingereza wenyewe hukipigania, akajifunza rangi na kila alichofundishwa, na mkono wake ukabaki mkono wa mtu wa Machame. Alikuwa akikaa chumbani mwake, nje kuna moshi na baridi, naye anachora migomba.

Mwaka 1953, akiwa yuko masomoni, kikatoka kitabu chake kiitwacho Desturi za Wachagga. Naomba mkumbuke kuwa kitabu hicho alikiandika kwa Kiswahili. Angeweza kuwaandikia Waingereza kwa Kiingereza habari za kabila lake, nao wangempigia makofi. Yeye alitaka kisomwe na watu wa Tanganyika.

Alirudi Makerere kufundisha, na Uhuru ulipofika, serikali yetu ikampeleka London kuwa Balozi. Tafakarini jambo hilo. Nchi changa ilikuwa na wasomi wa kuhesabika, na kazi ya kusimama mbele ya Waingereza waliotutawala mpaka jana ikapewa mwalimu wa uchoraji. Mwaka uliofuata, 1962, Rais Nyerere akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Viongozi wale walijua kwamba taifa lisilojua sura yake haliwezi kujitawala kwa muda mrefu. Ntiro aliporudi nyumbani aliwekwa katika kazi hiyo ya utamaduni, akawa Kamishna, na baadaye alifundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Akina mama wasije wakasema nimewasahau. Mwaka 1958 Ntiro alimwoa Bibi Sarah Nyendwoha wa Bunyoro, Uganda, aliyepata shahada yake Oxford mwaka 1954, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufika hapo. Bibi huyo aliporudi kufundisha aliambiwa kuwa mshahara wake utakuwa chini ya ule wa wanaume wenye elimu kama yake. Akaukataa mshahara wote, akasema afadhali afundishe bure. Ninyi wa Rufiji, mliokuwa na Bibi Titi Mohamed kuwa Mbunge wenu, mnawajua wanawake wa namna hiyo.

KAZI YAKE

Sasa tuzitazame picha zenyewe. Ntiro alichora kwa rangi za mafuta juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu. Alichora nchi ya nyumbani kwake: mlima, vilima, migomba, njia nyembamba zinazopita vihambani, nyumba, ng'ombe, soko. Lakini nchi yake haikai tupu. Kila mahali wamo watu, na watu hao wanafanya kazi, nao wanafanya pamoja. Wanavuna, wanachota maji, wanakwenda sokoni, wanajenga. Mara nyingi huwaoni nyuso vizuri. Wengine wamekupa mgongo, wengine wameinama. Ukiitafuta picha ya mtu mmoja mkubwa aliyejitenga na wenzake, utachoka kutafuta.

Picha yake moja ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York, Marekani. Aliichora mwaka 1956. Jina lake kwa lugha yetu ni kama kusema "Wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku". Naona masheikh wananitazama. Masheikh zangu, pombe ni ya Wachagga, na mimi nimekuja na picha tu. Ninalotaka kuwaonyesha ni jambo lenyewe lililochorwa. Katika jumba lile la New York mna picha za watu mashuhuri wa Ulaya na Marekani. Kati yake imeingia safari ya usiku ya wanakijiji wa Kilimanjaro, wanaokwenda kutimiza wajibu wao wa harusi. Hakuna mfalme ndani yake wala vita, na hakuna Mzungu ndani yake. Mchoraji aliona kwamba wajibu wa watu wale kwa jirani yao unastahili kutundikwa ukutani, na New York ikakubali.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa. Ntiro hakwenda shambani na fremu yake, akakaa chini ya mti akanakili alichokiona. Alichora kutoka katika kumbukumbu yake. Machame iliyomo katika picha zake ni Machame aliyoibeba kichwani akiwa Kampala na London. Liwekeni neno hilo pembeni, maana nitalirudia.

Mimi nina neno moja la kumlaumu, na sitalificha kwa kuwa ni marehemu. Kijiji cha Ntiro kina amani mno. Aghalabu humwoni mtoza kodi, humwoni mtu aliyenyang'anywa ardhi. Na ardhi ilikuwa ikinyang'anywa. Mwaka 1951, jirani kabisa na kwao, serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wa Engare Nanyuki katika ardhi yao ili wapewe walowezi. Mwaka 1952, mwaka uleule Ntiro aliokwenda Slade, Ndugu Kirilo Japhet wa Meru alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kulalamikia jambo hilo. Mchoraji na mlalamikaji wote wawili walikuwa wakisema juu ya nchi ile ile ya kaskazini. Mmoja alisema nchi yetu ni nzuri, mwingine akasema nchi yetu imechukuliwa. Mimi nasema maneno hayo mawili yangekaa vizuri katika picha moja.

Hata hivyo, mtu akiangalia kwa makini ataona kwamba picha zile zina hoja yake. Mkoloni alisema Mwafrika ni mvivu, na ardhi yake imelala bure ikimngoja mtu wa kuitumia. Katika picha za Ntiro hakuna kipande cha ardhi kilicholala bure, wala hakuna mtu mvivu. Hilo nalo ni jibu, ingawa halikupigiwa kelele.

NANI ALIYEICHORA DELTA?

Sasa narudi kwa mzee wangu aliyeuliza habari za Uchagani zinatuhusu nini. Nami namwuliza: nani aliyeichora nchi yetu?

Delta ya Rufiji ina mikoko mingi iliyokaa mahali pamoja kuliko mahali pengine popote katika pwani ya Afrika Mashariki, karibu hekta 53,000. Nchi hii imechorwa sana. Mwezi wa Septemba mwaka 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, huko Zanzibar, kisha ikarudi kujificha ndani ya mito yetu. Waingereza wakaleta ndege za kuitafuta juu ya mikoko, wakapima vina vya maji, wakachora ramani za milango ya Delta, na tarehe 11 Julai 1915 wakaimaliza kwa mizinga ya meli zao Severn na Mersey. Vitabu vya habari hiyo vimejaa Ulaya. Ramani zimo, picha za meli zimo, majina ya makapteni yamo. Mwenye kutaka kujua watu wa Salale walikula nini mwaka ule, na nani aliyewaonyesha njia za maji, hataona kitu.

Tukaja tukapata Uhuru wetu, na bado nchi hii ikaendelea kuchorwa na wengine. Mwaka 1997 serikali ilikubali ombi la mwekezaji kutoka nje aliyetaka maelfu ya hekta za Delta kwa ajili ya kufuga kamba. Mradi wa namna hiyo huanzia mezani, kwa ramani. Na katika ramani ya mtu anayetaka ardhi, mkoko ni rangi ya kijani na maji ni rangi ya buluu, basi. Ramani haionyeshi dungu la mkulima wa mpunga. Haionyeshi mahali wanawake wanapokusanya kaa, wala mchu ambao chini yake mababu walifanyia tambiko. Wanavijiji wengi walikataa. Walituma wajumbe Dar es Salaam, wakafika mpaka mahakamani, na mradi ule haukujengwa. Walishinda kwa midomo yao na kwa umoja wao. Lakini kazi ya kwanza iliyowachosha ilikuwa ni kuwathibitishia watu wa mjini kwamba Delta ina watu.

Hapo ndipo ninapouona umuhimu wa Ntiro. Mwaka 1956 mtu wa London angeweza kudhani kwamba Kilimanjaro ni theluji, tembo na Wazungu wanaopanda mlima. Akisimama mbele ya picha ya Ntiro, analazimika kuona wenyewe wa mlima. Nchi iliyochorwa na watu wake pamoja na kazi zao ni shida kuiita pori.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi peke yetu. Kabla ya mwaka 1968 watu wetu wengi walikaa bondeni, kando ya mto. Mto ukifurika ulileta rutuba, na maji yakipungua watu walipanda mlau katika ardhi yenye unyevu. Walikuwa na madungu yao juu ya nguzo, na mitumbwi imefungwa mlangoni kama baiskeli. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 ikaja Operesheni Rufiji, na mpaka mwaka 1969 maelfu ya watu walikuwa wamehamishiwa sehemu za juu, katika vijiji vya Ujamaa. Leo sikuja kuhukumu uhamisho ule. Wapo waliopata shule na zahanati, wapo waliopoteza mashamba yenye rutuba, na aghalabu ni watu wale wale. Ninachouliza ni hiki: vijiji vile vya bondeni vilikuwaje? Nyumba zilitazama wapi? Miembe ilikuwa wapi, na makaburi yalikuwa wapi? Kijana wa Kibiti wa leo, ukimwuliza, hajui. Mtu aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1968 sasa amepita miaka 70. Kila mwezi tunakwenda kuzika, na kila tunapozika tunafukia bonde moja.

Na mto wenyewe unabadilika. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji mwezi wa Desemba mwaka 2022, na mtambo wake wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwezi wa Februari mwaka 2024. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo mafuriko yakafunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti. Umeme ni mali ya taifa zima, nasi tunautaka. Lakini mto uliolishwa na mvua peke yake, ambao wazee wetu waliusoma kama kitabu, huo umekwisha kuwa habari ya zamani. Tusipouweka mahali, wajukuu watatuuliza, nasi hatutakuwa na cha kuwaonyesha.

MASWALI MATATU

Nilipoanza kulizungumza jambo hili matawini nilikutana na maswali matatu, na yote yana maana.

Swali la kwanza linatoka kwa watu wa dini. Wanasema, je, kuchora si haramu? Mimi si mwanachuoni, nami sitafundisha dini mbele ya walimu wangu. Nasema tu kile nilichofundishwa, kwamba ikhtilafu ya wanavyuoni iko juu ya picha za viumbe vyenye roho, na kwamba wengi wao wameruhusu mtu kuchora miti, mito, milima na majengo. Basi na tuanze hapo palipo na ruhusa. Mkoko hauna roho ya kutuletea ugomvi. Mtumbwi hauna. Dungu, shamba la mpunga, mto wa Simba Uranga wakati wa bamvua, vyote hivi vinachorwa bila ya kumkwaza mtu. Atakayetaka kuchora watu, na ashauriane na sheikh wake. Hata Ntiro, niliyemsifu kwa watu wake, aliwachora wengi kwa migongo.

Swali la pili linatoka kwa wale wanaohesabu senti. Rangi za mafuta ni ghali, vitambaa vya wachoraji vinatoka Ulaya. Sisi tutapata wapi? Hawa nawapa jina la Edward Saidi Tingatinga. Mtu huyu alitoka Tunduru, kusini kwetu, akaenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge na baadaye Dar es Salaam, ambako alikuwa mtumishi wa nyumbani. Hakusoma Makerere, wala Slade hakuiona. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alichukua vipande vya hadibodi na rangi za kupaka nyumba, akaanza kuchora wanyama na miti na kuuza kando ya njia. Alifariki mwaka 1972, lakini mpaka leo vijana Dar es Salaam wanakula kwa jina lake, na watalii hawawezi kuondoka nchini bila Tingatinga mkononi. Kwa hiyo kukosa vitu vya Ulaya hakuwezi kuwa sababu. Mkaa tunao. Udongo mwekundu wa Kibiti tunao, na mweusi wa bondeni tunao. Magome ya mkandaa yanatoa rangi, na mabaharia wetu waliijua kabla ya dukani kuletwa kopo. Akina mama wanaosuka mikeka wanajua kutia ukindu rangi kuliko mwalimu yeyote wa uchoraji niliyepata kumwona chuoni.

Swali la tatu ndilo gumu. Ati watu wanataka mbegu, wanataka barabara, wanataka dawa. Chama kinakuja na picha? Ndugu zangu, sikatai. Mtu mwenye njaa hawezi kula picha. Lakini angalieni jinsi maneno yanavyokwenda katika vikao. Tunapodai barabara ya kwenda Nyamisati, wanaoamua wanaiona kama mstari juu ya karatasi. Tunapodai haki ya mashamba yaliyo pembeni mwa msitu wa mikoko, mpaka wa msitu umechorwa tayari, nasi tunakuja kulia baada ya mstari kukauka. Mwenye kuleta picha ya mahali pake, yenye njia, mashamba, visima na makaburi, amekuja na hoja. Picha haileti mbegu, lakini humzuia mtu asiseme kwamba pale hapakuwa na mkulima.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Chama chetu hakipendi hotuba isiyo na kazi mwishoni. Basi napendekeza mambo manne, na namwomba Ndugu Mwenyekiti ayafikishe kwenye Halmashauri.

La kwanza, kila tawi lichague wazee wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wanaokumbuka bonde lilivyokuwa kabla ya mwaka 1968. Wazee hao waalikwe shuleni, kwa idhini ya mwalimu mkuu, wawasimulie watoto mahali walipozaliwa: nyumba zilivyokaa, mto ulipopita, mpunga ulipopandwa. Kisha watoto wachore. Hii ndiyo njia ya Makerere niliyowaeleza, ya kusikia kisa na kuchora ulichokiona moyoni. Na kama mtu atasema picha ya namna hiyo si ya kweli kwa kuwa mchoraji hakukiona kitu kwa macho, mwambieni kwamba Ntiro alichora Machame akiwa London, na New York ilinunua.

La pili, mzee aitazame picha baada ya mtoto kumaliza, aseme palipokosewa. "Mwembe haukuwa hapa, ulikuwa upande wa pili." Mtoto afute, achore tena. Nina hakika kwamba katika ubishi huo juu ya mwembe mmoja, mtoto atajifunza historia ya Rufiji zaidi kuliko katika kurasa nyingi za kitabu.

La tatu, ukuta mmoja katika kila ofisi ya tawi uachwe kwa picha hizo. Na hapa nawaomba radhi wakubwa zangu: tusianze kwa kuchora viongozi. Viongozi wana picha za kutosha. Tuanze na Delta, na bonde, na barabara ya Kilwa inavyopita hapa Kibiti alfajiri, malori yamejaa na akina mama wamepanga machungwa na korosho.

La nne, tusichore amani peke yake. Nimewaambia kasoro niliyoiona kwa Ntiro. Sisi tuchore na mafuriko ya 2024, tuchore na mpunga ulioharibika, tuchore mkoko uliokatwa hovyo na mkoko uliopandwa upya. Mtoto aliyeona nyumba yao imeingia maji asiambiwe achore ua.

Kuna kijana atauliza: je, mimi nitakuwa Balozi kwa kuchora? Sina ahadi hiyo mfukoni. Wengi watakaochora hawatajulikana hata Utete, seuze London. Lakini wale waliosafisha mifongo ya Machame hawakujulikana vilevile, na maji yalifika shambani. Mmoja wa watoto wao akawaweka katika picha, na leo, zaidi ya miaka 30 tangu afariki, kazi yao bado inaonekana. Waliokata mikoko ya kujengea Zanzibar na Arabuni, waliolima mlau, waliovua usiku kwa kupwa na kujaa, wote hao bado hawajapata mtoto wa kuwaweka. Labda yuko darasa la nne mahali fulani huko Mbwera, na hajapewa hata kipande cha mkaa.

Karatasi ziko mezani hapo mlangoni, pamoja na kalamu za risasi. Katibu wa kila tawi asiondoke bila kuchukua fungu lake na kutia sahihi, maana zimenunuliwa kwa michango yenu. Picha za kwanza tunazitaka kabla ya mvua za masika.

Uhuru na Kazi!